Mzee Mwandu, Kikombe cha Kahawa na Daktari Anayejifunza

Kijiwe chetu kiko Makanyagio, mbele ya banda la fundi simu. Mimi ni Zakia, nauza kahawa na kashata hapo mwaka wa tisa sasa, na katika miaka hiyo nimelisikia benchi hili likipanga baraza la mawaziri, likiifungia Taifa Stars mabao na likitibu magonjwa ambayo hata hayajafika nchini. Mimi sichangii. Namimina, nacheka kimoyomoyo. Lakini Alhamisi ile sikuwa na kicheko, maana Mzee Mwandu alikuwa ametoroka wodini. Miezi saba anatembea na mpira wa mkojo, mfuko kauficha chini ya koti refu, na akija kijiweni anakaa pembeni kabisa asimkere mtu kwa harufu. Msukuma mwenye zizi kubwa kule Mamba, mtu wa kushinda porini na ng'ombe, sasa hata msibani haendi kwa aibu. Madaktari bingwa wa njia ya mkojo walikuwa wamekuja Mpanda kwa wiki moja, yeye amepangiwa kufanyiwa upasuaji saa nane mchana, na kesho yake asubuhi wanaondoka. Saa saba na robo akaja kuniomba kahawa. Nikamnyima, kwa sababu hata mimi najua mtu wa upasuaji haruhusiwi kutia kitu tumboni. Akinywa tu, basi, ameshajifuta mwenyewe kwenye orodha.

— Da Zakia, mpe mzee kahawa, akasema Taarifa.

Taarifa ni Lukmani, muuza vipuri vya baiskeli. Ana redio tatu dukani, zote zinaongea kwa pamoja, na yeye anazijibu.

— Simpi. Arudi hospitali kwanza.

— Sirudi, akasema Mzee Mwandu. Yule daktari mkubwa nilimkubali. Ana mvi, ana kitambi, mtu kamili. Kumbe hashiki yeye! Nimemsikia kwa masikio yangu anakaambia kabinti kadogo: "Huyu mzee utamfanya wewe, mimi nitasimama nyuma yako."

Fundi simu akaacha bisibisi. Huyo anaitwa Fabrice, kwao Katumba, ila sisi tunamwita Chaji.

— Oya! Kwa hiyo mzee ndiyo daftari? Wanajifunzia kwako? Hiyo noma.

— Mimi nimehasi mafahali zaidi ya mia mbili, ng'wanangu. Najua koleo likishikwa na mtu asiyejua inakuwaje. Mnyama anabaki si fahali, si maksai. Anasimama tu pale anaangalia watu.

— Mzee, hawaendi kukuhasi wewe, nikasema. Wanaondoa kinachoziba mkojo.

— Da Zakia, wewe koroga kahawa, akasema Taarifa. Haya mambo yana wenyewe. Mzee, sikiliza taarifa kamili. Siku hizi hawapasui tumbo. Wanachukua kamera nyembamba, wanaipitisha njia ileile ya mkojo, inakwangua kidogokidogo mpaka panafunguka.

— Njia ipi?

— Ileile.

Benchi zima likakaza mapaja. Chaji akajifuta jasho.

— Sasa hiyo kamera, akauliza, chaji yake ikoje? Maana mimi nimeona simu zinazima kwenye asilimia arobaini. Ikizima ikiwa bado humo ndani?

— Hiyo ni ya zamani. Sasa hivi kuna roboti. Daktari kakaa India anakula pilau, mkono wa chuma uko Mpanda unafanya kazi.

— Kwa mtandao wa hapa? Taarifa, acha fiksi! Shemeji yangu nikimpigia video anaganda jicho moja limefumba. Dakika kumi! Sasa mkono wa chuma ugande hivyo, halafu India wanasema halo, halo, unanisikia?

— Ndiyo maana wanaleta wanafunzi. Roboti ikiganda, kabinti kanadaka. Na unajua hao wanajifunzia wapi? Kwenye viazi vitamu.

— Viazi?

— Nimesikia redioni. Wanakwangua kiazi mwaka mzima. Kiazi kikiisha, wanatafuta mzee.

Mzee Mwandu akavuta koti lake. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Hawa wawili wanapenda kuongea, hawana nia mbaya, lakini kila neno lilikuwa linamsogeza mzee mbali na hospitali hatua moja.

— Kiazi hakipigi kelele, akasema taratibu.

— Umeona? Na ile kamera inarekodi, mzee. Video inapelekwa chuoni, inawekwa ukutani, wanafunzi mia wanakaa wanaangalia mambo yako na kuandika.

— Mia?

— Wengine wamekaa chini, viti havitoshi.

Chaji naye hakukubali kupitwa.

— Tena kibaya zaidi ni ng'ombe. Ng'ombe wana akili. Mzee ukirudi Mamba umekwanguliwa, lile fahali kubwa litakuangalia mara moja tu, limeshajua. Kesho yake unalipigia mluzi, linakupa mgongo.

Hapo nilitegemea mzee acheke. Hakucheka.

— Hilo ni kweli kabisa, akasema. Fahali humdharau maksai. Nimeliona kwa macho yangu.

Akanyoosha mkono. Taarifa, kwa ukarimu wake wa kipuuzi, akampa kikombe chake mwenyewe, kimejaa, moshi unafuka. Nikapiga kelele. Mzee alikuwa ameshakifikisha kidevuni pikipiki ikafunga breki mbele yetu, akashuka dada mmoja mwembamba, kavaa suruali na raba, kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji kaisahau kichwani.

— Shikamooni wazee. Mzee Mwandu, umekunywa?

— Bado, mayu, akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Dada akakitoa kikombe mkononi mwa mzee, akanywa yeye. Kisha akakaa kwenye benchi katikati yao, nao wakasogea kama wanafunzi waliokutwa na mwalimu.

— Naitwa Daktari Specioza. Nimempitisha mgonjwa mwingine kwanza, kwa hiyo zamu yako sasa ni saa tisa. Nimekutafuta soko zima.

— Ndiyo wewe unayejifunza? akauliza Taarifa.

— Ndiyo mimi. Mwaka wa tatu wa ubingwa.

Nilitegemea ajitetee. Hakujitetea.

— Na viazi?

— Na viazi, ndiyo. Nilianza na viazi, nikaenda kwenye mfano wa plastiki, halafu nikasimama mwaka mzima natazama mikono ya wenzangu.

— Nilisema! Taarifa akapiga paja. Si nilisema?

— Na watu je? Umefanya wangapi? akauliza Chaji.

— Kumi na wanane. Wote bosi alianza, mimi nikamalizia. Mzee Mwandu angekuwa wa kwanza kumfanya mwenyewe tangu mwanzo.

— Roboti iko wapi?

— Roboti gani? Ni mimi, na bosi, na nesi mmoja anaitwa Romana. Umeme ukikatika, jenereta inawaka.

Chaji akaonekana kuumia kidogo moyoni kwa kukosa roboti. Akajitutumua.

— Dada, huyu mzee humdanganyi. Huyu amehasi mafahali mia mbili.

Specioza akamgeukia mzee. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayetaka kujua kweli.

— Mia mbili! Wa kwanza ilikuwaje?

Mzee naye akamgeukia.

— Wa kwanza nilitetemeka. Baba alikuwa nyuma yangu, kanishika kiwiko. Alinikemea siku ile mpaka nikalia mbele ya watu.

— Na fahali?

— Alipona. Alilima miaka tisa.

— Mimi nyumbani Ikola, baba yangu mvuvi, sijui ng'ombe. Ila nawauliza wote. Baba yake mzee angesema simpi huyu koleo mpaka awe anajua, mzee angejulia wapi?

Nilimtazama Taarifa. Akainuka, akaenda dukani kuzipunguza sauti redio zake. Chaji akachukua simu ya mteja akaanza kuifuta kioo kwa shati, akaifuta, akaifuta. Miaka tisa nauza kahawa hapo, sijawahi kuona redio zile zikipunguzwa. Dereva wa pikipiki naye akazima injini.

Mzee Mwandu akauliza lake.

— Mayu, hiyo sindano yenu ya ganzi inanilaza kabisa?

— Hapana. Inatia ganzi kuanzia kiunoni kushuka. Juu utakuwa macho kama ulivyo sasa.

— Na masikio?

— Utasikia kila kitu.

— Kwa hiyo yule mwenye mvi akikukemea, nitamsikia.

— Utamsikia vizuri tu. Anakemea sana.

Mzee akasimama. Akaliweka koti sawa, akautoa mfuko wake nje ya koti bila kuuficha, mbele yetu sote, kisha akampa dereva ishara ya kusogeza pikipiki.

— Vizuri, akasema. Tukosane kazi ikiendelea, siyo baada. Yeye akemee kutoka nyuma, mimi nitakemea kutoka mbele. Wewe fanya kazi.