Hakuna Kuketi Mpaka Kila Nusu Ipate Mwenzake

Tarehe 30 Novemba, mwalimu wetu wa darasa la kwanza, ambaye shule nzima inamwita Bi Uzi, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha. Miaka yote hiyo ameitumikia katika chumba kimoja, kile cha mwisho karibu na bomba.

Jina lake lilitokana na kadi zake. Alipoanza kazi vitabu havikutosha, akakata maboksi ya viatu, akaandika nusu ya neno kwenye kila kipande na kukitia uzi wa kuvaa shingoni. Mtoto mmoja huvaa PUNDA, mwingine MILIA. Mmoja BATA, mwingine MAJI. Huzunguka darasani wakitafutana, na wawili wakipatana hushikana mikono na kulisoma neno lao. Sheria ni moja: hakuna kuketi mpaka kila nusu ipate mwenzake.

Sheria hiyo inambana hata yeye. Kiti chake bado kinang'aa, na walimu wenzake humtania kwamba akistaafu kitauzwa kama kipya. Wawili waliopatana BATA na MAJI miaka mingi iliyopita leo ni mume na mke, na bado wanabishana nani alimfuata mwenzake.

Hata hivyo, mwaka huu nusura uharibike. Mzazi mmoja, fundi saa, aliandika barua ya malalamiko. Binti yake alikuwa amemaliza miezi saba darasani bila kutamka neno, na kwa maoni yake watoto walikuwa wanachezeshwa tu. Mkaguzi alifika Jumanne asubuhi, akaegesha gari lake chini ya dirisha letu. Alimwambia mwalimu mkuu wazi kwamba asiporidhika, darasa litapewa mtu mwingine muhula huohuo. Bi Uzi alikuwa amebakiza miezi minne.

Kuandaa kadi ni kazi ya msaidizi wa darasa, na msaidizi ndiye anayeandika haya. Jana yake nilichukua kadi ya GARI nyumbani kuikolezea wino, nikaiacha ikikauka juu ya cherehani ya shangazi. Asubuhi hiyo mtoto mmoja kati ya arobaini alikuwa mgonjwa. Kwa kawaida mtoto akikosekana hubaki kadi moja, nami huivaa. Siku hiyo haikubaki, na kwa kuwa sikutaka kuzunguka mbele ya mgeni, nikashukuru. Sikujiuliza kwa nini.

Watoto wakaanza kutafutana. Wawili wawili wakapatana, kelele zikapungua, mpaka akabaki mmoja katikati ya chumba. Alikuwa binti wa fundi saa, na kifuani alivaa MOSHI.

Alizunguka mara ya kwanza akisoma kifua cha kila mwenzake. Akazunguka mara ya pili. Ndipo nilipoikumbuka cherehani, nikajishika kichwa. Bi Uzi alinitazama mara moja tu, akajua. Angeweza kumwambia mtoto aketi. Angeweza kuandika neno ubaoni na kuyamaliza. Hakufanya hivyo. Alisimama, na watoto wote wakasimama naye, wengine wakihama mguu huu na ule.

"Mwalimu, kuna tatizo?" mkaguzi akauliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Hapana, bwana. Bado anamtafuta mwenzake."

Kalamu ikaandika. Saa ya ukutani haikutusaidia, kwa maana iligoma kwenye saa nne na dakika kumi tangu kabla sijazaliwa. Binti akaenda dirishani, akachungulia nje kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akapita katikati ya wenzake hadi kwa mkaguzi, akamvuta mkono wa shati.

"Wewe una gari," akasema. "Simama."

Hatukuwahi kuisikia sauti ile. Kumbe nzito kama ya babu! Mkaguzi akamtazama Bi Uzi, lakini Bi Uzi hakumwokoa. Basi mtu mzima akasimama. Akachana ukurasa uleule aliokuwa akiandika, akaandika GARI kwa herufi kubwa upande wake wa nyuma, akaushika kifuani. Binti akamshika mkono, akapitisha kidole kutoka karatasi hadi kadi yake, akasoma: "Ga-ri-mo-shi." Akarudia bila kukata: "Garimoshi!"

Darasa zima likaketi kwa kishindo.

Mkaguzi alipouliza nani aliyeandaa kadi, Bi Uzi alijibu, "Ni mimi." Hajawahi kunitaja, ndiyo maana najitaja mwenyewe leo. Darasa halikupewa mtu mwingine. Wiki iliyofuata fundi saa alikuja na kibegi chake cha vifaa, akapanda juu ya dawati, na sasa saa yetu inakwenda.

Asante, Mwalimu, kwa kila mtoto uliyemsubiri, na kwa kunisubiri mimi pia. Kadi ya GARI imerudi kwenye boksi lake, wino umekolea, na nimezihesabu zote mara tatu. Siku zako zijazo ziwe za afya na furaha.

Kila nusu imepata mwenzake. Keti sasa.