Kanda Isiyokula Umeme

Wazazi wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya chai. Wengi mnanijua kama mama wa ordinateri, yaani kompyuta, pale kituoni, yule anayewauliza jina la mtoto kabla hamjamwona daktari. Leo nataka kuwaambia kwa nini bado nimekalia kiti kile, maana kuna wakati nilitaka kukiacha.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika, si kitu. Hatari ni pale unaporudi kwa nguvu. Mashine yetu ilikuwa na mafaili yote ya watoto wetu wa SS, wenye selimundu: aina ya damu, damu waliyoongezewa, na ile iliyowadhuru. Kila jioni nilichukua nakala kwenye diski ya pembeni. Lakini mashine na diski vilichomekwa kwenye stabilizateri moja, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Sisi wa Lubumbashi tuna imani kubwa na stabilizateri! Friji hapo, televisheni hapo, tunasema "iko protégé", yaani imelindwa, tunalala. Siku moja umeme ukarudi kwa nguvu, stabilizateri ikaungua, ikaondoka na vyote viwili.

Ndugu zangu, niliwapigia simu mmoja mmoja, mkumbuke kwa kichwa yale yaliyopotea. Mama mmoja wa Katuba aliniuliza, "Mama, mutoto wangu amezaliwa hapa hapa. Leo iko mugeni?" Usingizi ulinipotea. Nikamwambia mume wangu nakwenda Kasenga kuuza samaki na dada yangu. Samaki akioza, unamwona.

Aliyenizuia ni dada mmoja wa kanisani kwetu, anayetunza data za mgodi mmoja.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Courant, huu umeme."

"Basi weka nakala moja fasi courant haifike. Weka kwenye bande."

"Bande? Unataka polisi inifunge?"

Tulicheka sana, maana bande tunazozijua mtaani ni za vijana wenye mapanga. Yeye alisema kanda, kama zile kaseti za zamani, ila hii inabeba kazi ya kituo kizima.

Akanielewesha taratibu, nami nawaeleza vilevile. Diski ni ya haraka: ukifuta kitu mchana kwa bahati mbaya, unakirudisha palepale. Kanda ni ya polepole, lakini ikishaandikwa unaitoa, unaifunga kwenye boksi, na hakuna waya unaoifikia. Kwa hiyo tukapanga: kila jioni mashine inaandika kwenye diski, na kila Ijumaa diski inaandika kwenye kanda. Kanda inakwenda kulala kwa masista, kwenye nyumba yao ya utawa, mbali na kituo. Mkurugenzi wa kituo alikubali. Dada yule akaongeza sharti: kanda isiyowahi kurudishwa bado si nakala, ni matumaini tu. Kwa hiyo tukawa tunairudisha kwenye mashine nyingine, tunafungua faili, tunasoma.

Msimu wa mvua uliofuata, radi ilipiga karibu na kituo. Mashine ikafa, diski ikafa. Asubuhi hiyohiyo akaletwa binti mwenye maumivu makali, damu imepungua. Mama yake yuko humu ukumbini, simtaji. Daktari alitaka kujua ni damu gani iliyowahi kumdhuru. Mama alikuwa analia, hakumbuki. Sista mmoja akaja na kanda mkobani, tukaiingiza kwenye mashine ya akiba, ileile ya majaribio, ambayo haikuwa imechomekwa.

"Iko inafika?" mama akauliza.

"Iko inafika, mama. Bande inatembea kama train yetu, lakini inafika."

Jina la binti likatokea, na chini yake onyo la daktari wa zamani. Daktari akalisoma mara mbili, akaagiza damu iliyofaa. Mimi niliitoa kanda, nikamrudishia sista.

Nawashukuru ninyi mliokuja kukumbuka upya bila kunitukana. Nawashukuru masista, na dada yangu wa mgodini. Nanyi mlio na picha za marehemu au vyeti vya watoto kwenye simu, wekeni nakala mahali pengine, pasipoungua pamoja na simu. Kisha ifungueni, muone kama inafunguka. Mkikwama, njooni kituoni, nitawaonyesha bila haraka.

Yule binti msimtafute humu leo. Yuko shuleni, ana mtihani wa hesabu.