Siku Kumi na Tisa za Wakili Ernestine Shuler

Marehemu Ernestine Felder Shuler alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Bowman, Karolina Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Isaiah na Bi. Hattie Felder, wakulima wa pamba. Alisoma Orangeburg, kisha akahitimu sheria mjini Columbia mwaka 1976.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Harold Shuler, mpeleka barua, aliyezoea kusema, "Mke wangu kubishana anaweza. Kunyamaza ndiko kunakomshinda." Walijaliwa binti mmoja, Yvette. Harold alitangulia mwaka 2011.

Kwa miaka thelathini na minne marehemu aliwatetea wafungwa walioyashtaki magereza kwa kunyimwa haki zao. Kesi nyingi alishinda. Hata hivyo, aliagiza isomwe hapa ile aliyoshindwa. Mdogo wake, Lorene, aliyemuuguza, alimsihi waiache. Akajibu, "Iandike, Lorene. Mkinifanya malaika, nitaketi humo sandukuni niwakosoe."

Basi ni hivi. Cleophus Dantzler alikatwa mguu baada ya kidonda chake kuachwa gerezani wiki kumi na moja bila tiba. Marehemu alimpata daktari bingwa wa kuieleza mahakama kwamba mguu ule ungepona. Sheria ilitaka jina la shahidi huyo, pamoja na ripoti yake yenye saini, viufikie upande wa pili kabla ya tarehe 1 Juni 2009. Jina alilipeleka. Ripoti alidhani ingeweza kufuata; ilifuata siku kumi na tisa baada ya tarehe hiyo. Jaji alikataa daktari asikilizwe, na pasipo yeye hapakuwa na wa kuthibitisha kilichouponza mguu. Kesi ikatupwa. Rufaa nayo ikagonga mwamba.

Alikwenda gerezani kumwambia mwenyewe.

"Bwana Dantzler, jaji hakukosea. Nimekosea mimi. Tafuta wakili mwingine, unishtaki."

Mzee yule akasema, "Wao walichelewa wiki kumi na moja, mguu ukaenda. Wewe siku kumi na tisa, kesi ikaenda. Sasa mama wakili, nimlaumu nani kwanza?"

Tangu siku hiyo marehemu alimwandikia kila mwezi; barua hazikujibiwa. Aliandika pia karatasi ya ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi, ikiwaeleza wafungwa wanaojitetea wenyewe jinsi ya kumtaja shahidi mtaalamu na lini. Aliisambaza hadi alipostaafu.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho Agosti 2023. Januari iliyofuata Bwana Dantzler, aliyekwisha kuachiwa, alibisha hodi kwa magongo yake. Lorene alimpikia wali na kunde.

"Umekuja kunisamehe?" marehemu aliuliza.

"Hapana, Mama. Hilo bado linanishinda. Nimekuja kukuona."

"Basi kaa," akasema, akasogeza miguu yake ili mgeni apate nafasi kitandani. Walikaa hivyo mchana kutwa, wakizungumza kidogo sana. Tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, alikata roho nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lorene.

Ameacha binti, Yvette. Wajukuu wawili, Camille na Isaiah. Na mdogo wake, Lorene.

Mungu ampe utulivu ambao yeye mwenyewe hakujiruhusu kuupata.