Jogoo, Waya wa Njano na Mzee Walubengo

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1999, Mzee Wycliffe Walubengo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi kumi akiwa fundi umeme wa magari katika karakana ya chama chetu cha ushirika wa wakulima wa miwa, hapa Kisumu. Siku hiyo ndiyo anastaafu. Wenye kompyuta wanasema mitambo yote duniani huenda ikazima usiku huo huo. Mzee ameshatuambia kwamba ikizima tusimtafute.

Alianza kazi Machi 1968, akitokea Chwele na kisanduku cha mbao chenye bisibisi mbili. Katika miaka hiyo yote hakukubali gari litoke likiwa na taa ya hatari inayowaka, hata kama gari lenyewe lilikuwa limebaki na taa hiyo tu. Mwaka 1986 alitengeneza trekta ambalo honi yake ililia kila breki ilipokanyagwa. Madereva walikuja kulalamika kwa sababu walikuwa wameizoea, na mmoja aliomba irudishwe. Mzee alikataa, akasema yeye si bendi.

Lakini kazi itakayokumbukwa ni ya Oktoba 1998.

Mwenyekiti wetu, Mama Dorca Aoko, alikuwa amenunuliwa gari jeupe kutoka Ulaya, lenye mfuko wa hewa ndani ya kiti cha mbele kushoto, ambapo yeye hukaa. Gari likigongwa ubavuni, mfuko hufumuka na kumkinga aliyeketi. Siku moja taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, yenye picha ya mtu aliyekumbatia mpira. Maana yake ni kwamba sakiti ya mfuko, yaani njia yake ya umeme, ina kasoro, na ajali ikitokea huenda usifumuke. Dereva wake, Oduor, alidhani gari linatangaza mpira wa miguu.

Mzee alisoma kitabu cha gari kwa siku mbili, neno kwa neno. Kitabu kilisema utoe waya wa betri na usubiri dakika kumi, mfuko usije ukakufumukia usoni. Yeye alisubiri saa nzima. Redio ilizimwa, wafagiaji waliondoka, na Seline wa kantini aliagizwa asiweke sufuria chini kwa kishindo. Tuliokuwa nje tulitembea kwa vidole. Kisha Mzee akaingia chini ya kiti, akasafisha plagi ya njano inayounganisha waya wa mfuko, na taa ikazima.

Baada ya siku sita ikawaka. Akabadilisha plagi. Ikazima, halafu ikawaka tena. Mfuko wenyewe hakuupima kwa mita, maana kitabu kilikataza. Aliuondoa kwenye sakiti, akaweka mahali pake rizista ndogo, kifaa cha kuuiga, na taa ikazima; akaurudisha mfuko, na taa haikuwaka. Kwa hiyo mfuko ulikuwa mzima, kompyuta ilikuwa nzima, na bado baada ya siku chache barabarani taa iliwaka.

Msimamizi wa karakana akaona aibu imezidi. Alimwamuru Mzee aitoe balbu kabla ya chakula cha mchana, la sivyo achukue barua yake ya kufutwa kazi. Mzee alikuwa amebakisha miezi kumi na minne tu. Alikwenda ofisini, akaweka bisibisi mezani pamoja na daftari la gari.

“Bwana Obiero,” alisema kwa upole, “toa wewe mwenyewe. Halafu uandike jina yako kwa hii kitabu, Mama akiumia tujue ni nani alizima.”

Msimamizi alishika kalamu, ikamshinda. Akampa Mzee wiki moja.

Mzee akafungua daftari la safari. Akaona kwamba Mama akienda Maseno kwa mikutano ya kanisa, taa haiwaki. Akienda Muhoroni kuwatembelea wakulima, inawaka. Akaomba kuandamana nao. Huko Muhoroni mkulima mmoja, Ogola, alimpa Mama jogoo, kama wakulima wa huko wanavyompa mgeni wa heshima, na Oduor akamsukuma jogoo huyo chini ya kiti cha mbele, miguu imefungwa, kama alivyozoea. Walipokaribia Awasi taa ikawaka. Mzee akainama. Jogoo alikuwa ameukazania waya wa njano, akiudonoa kwa bidii kama punje za mahindi.

Yeye hakuridhika na ushahidi wa jogoo mmoja. Alijaribu na kuku watatu zaidi, mmoja wa kuazima kantini, na wote walidonoa. Alibadilisha waya, akauvika bomba jeusi la plastiki, akabandika karatasi: KUKU AKAE BUTI. Kwenye fomu, mahali pa chanzo cha hitilafu, aliandika “jogoo”. Ofisi kuu ilirudisha fomu ikitaka namba ya kipuri hicho.

Wiki tatu baadaye, palepale Awasi, trekta la miwa lilichomoka kwenye njia ya shamba na kuligonga gari jeupe ubavu wa kushoto. Mlango uliingia ndani. Mfuko ukafumuka. Mama Dorca alitokea upande wa dereva akiwa na vumbi jeupe usoni na bila jeraha lolote, akazunguka nyuma ya gari hadi buti, akamtoa kuku wake, akamkagua. Kisha akachungulia dashibodi.

“Oduor,” alisema, “kimbia utafute simu, uite Walubengo. Hii taa imewaka tena.”

Msimamizi aliyetaka balbu itolewe ndiye anayeandika maneno haya. Nilikosea, Mzee, na sijawahi kukuambia hivyo. Nakuambia leo mbele ya wenzetu wote. Gari lilipata kiti kipya, mfuko mpya na kompyuta mpya, vyote kwa mkono wako. Kila nikiliwasha, ile taa huwaka kwanza ikijikagua, nami huhesabu hadi sita nikiwa nimebana pumzi mpaka izime.

Asante, Mzee Walubengo. Nenda salama Chwele kwa mkeo, Mama Nasambu, ukapumzike na uishi miaka mingi yenye afya. Mama Dorca ametoa gari lake likupeleke. Wakulima wamekuletea majogoo kumi na mmoja, na wote tumeshawaweka kwenye buti.