Bukari ya Tunyama twa Mayi

Pembeni ya barabara ya Kasapa, Mama Madeleine anauzishaka kahawa, na mbele ya termosi yake kuko banki moja ya mbao ya kukalia, yenye kulala upande. Pale njo dunia yote inaamuliwaka. Edouard, mwenye kuziba pneu za baiskeli na motokari, banamuita Docteur juu anatiaka sikio ku pneu mbele ya kuifungua. Nkandu ni Radio, juu hakuna muntu alishamuzima. Na Jeannot ni Commandant, sentinelle, mulinzi wa labo ya batafiti, mwanaume aliyefukuza mamba ya Lufira na kandambili. Ni yeye mwenyewe anasemaka. Ile siku Commandant akakuya anachokonoa meno na kijiti, lakini ufunguo ya labo mu shingo yake ilikuwa inamulemea sawa jiwe.

– Mbuzi tena? Edouard akauliza.

– Mbuzi kila siku, Docteur. Kwangu sombe, majani ya muhogo, ni ya kulisha kuku. Lakini leo nilifanya kintu. Batanivua ufunguo.

– Uliiba?

– Nilikaribisha bageni! Unamujua Keren, ule mwanafunzi mwenye kuvua tunyama tudogo-dogo twa ziwa na wavu ya kitambaa? Alituweka mu chupa tatu za mayi safi. Ati tule tunyama tukae na njala mpaka saa nane, matumbo ibakie tupu, kisha atukaushe, atutume Ulaya mu machine.

– Njala? Nkandu akaruka. Tule tunyama tulimukosea nini?

– Njo nilijiuliza! Miye nakula, tunyama tuko tunaniangalia. Mugeni akae na njala kwa Commandant? Nikatutupia mu chupa moja kapande ka bukari, ugali yangu ya muhindi.

Edouard akakohoa.

– Bazee balisema: kidole moja haivunje chawa.

– Chawa inaingia wapi humu? Mama Madeleine akauliza.

– Tule tunyama ni chawa ya mayi, mama. Lakini Commandant, umekwisha. Keren alinielezea wakati nilimuzibia pneu ya kinga, ile baiskeli yake. Mu kila chakula kuko karboni nyepesi na karboni nzito. Majani ya ziwa iko na kipimo yake, muhindi iko na yake. Ukikula, kipimo inabakia mu mwili. Machine inasoma.

– Kumbe! Nkandu akapiga makofi. Basi kule Ulaya batasoma: chini ya ziwa ya Katanga kuko shamba ya muhindi!

– Na kinu ya kusaga!

– Na samaki njo benye kusaga! Batatuma traktere ya kupita chini ya mayi!

– Tutapeleka unga ya ziwa mpaka Mitwaba!

Banki ikacheka mpaka ikalala upande ingine. Jeannot peke yake hakucheka. Mutoto wa bantu, myaka tano ya masomo, na yeye amemuharibia na kapande ka bukari.

Saa nane Keren akafika na kinga yake. Jeannot akasimama, akavua ufunguo, akasema yote. Hata mbuzi alisahau kuitaja.

Keren akatia mukono ku kinywa.

– Papa Jeannot, ni chupa gani?

Radio akazimika, mara ya kwanza tangu azaliwe.

– Ile… yenye mayi, Jeannot akasema.

– Zote ziko na mayi, papa.

Halafu Keren akaanza kucheka, kinga ikamuponyoka ikaanguka.

– Haina shida! Muhindi iko na karboni nzito kupita chakula ya mule ziwani. Machine yenyewe itatuonyesha chupa yako. Ile nitaiondoa, na nitajua machine iko inaona muzuri. Zile mbili zinanitosha.

Akamurudishia ufunguo mu shingo.

– Hii ikae na weye. Bukari ikae ku sahani.

Makelele! Nkandu akawaka tena, Edouard akapiga pompi sawa ngoma, Mama Madeleine akamimina kahawa mpaka termosi ikatoa hewa. Kisha akauliza pole-pole:

– Keren mwana, ile machine inaweza kupima na muntu? Tuone kama kweli anakulaka mbuzi kila siku?

– Inaweza, mama. Kanywele kamoja tu.

Bote bakageuka. Commandant alikuwa alishanyakua kofia ya Edouard, anaivuta mpaka chini ya masikio.