Mwaka Ulioachwa Wazi Kaburini mwa Bi Ursula

Baba Askofu, Kasisi wetu Mama Philippa Dunnock, na wewe Kasisi wa Skelbeck pamoja na waumini wako mliovuka kilima kuja kwetu, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji, fundi wetu wa mawe, Bwana Tunnicliffe, wazee wetu, wapiga kengele, ndugu wageni waalikwa: karibuni Cawlby.

Mimi ni Desmond Throssell, mzee wa kanisa hili kwa miaka kumi na tisa na fundi bomba kwa miaka arobaini. Nautaja ufundi wangu mapema ili mlielewe kosa langu.

Nani kati yetu asiyelijua kaburi hili? Tumebatizwa mbele yake, tumelitundikia makoti yetu yaliyolowa mvua. Juu yake, katika sanamu ya alabasta, lile jiwe jeupe laini, Bwana Anketil Hessleden amelala chali na deraya yake ya vita. Ubavuni mwake amelala mkewe, Bi Ursula, ambaye ndiye aliyeagiza kazi yote mumewe alipofariki mwaka 1589, akajichongesha na yeye mwenyewe angali hai. Chini yao wamepiga magoti watoto watano, kila mmoja ameshika fuvu, alama kwamba wote walimtangulia mama yao kufa. Mwaka aliokufa baba umechongwa. Wa mama uliachwa wazi, ukabaki wazi kwa zaidi ya miaka mia nne.

Na kijiji, ndugu zangu, hakipendi nafasi iliyo wazi. Tukaijaza kwa maneno. Tukasema alitoroka na msimamizi wa mashamba yake. Mimi mwenyewe nilifundishwa na babu yangu kumwita Mjane Mtoro, nikawafundisha wanangu.

Miaka mitatu iliyopita tulihitaji choo. Chekeni tu, lakini kanisa lisilo na choo wazee wake huondoka kabla ya mahubiri kwisha, na wenye watoto wachanga hawaji kabisa. Tulikuwa tumebaki watu kumi na wanne, na wakubwa wa kanisa walishaanza kutuuliza, kwa upole, kama kuna haja ya kuendelea. Nikapima, nikaona mahali pazuri pa kupitisha mabomba ni hapa hapa penye kaburi, aliposimama Baba Askofu. Nikachora ramani, nikapendekeza kaburi lihamishiwe kwenye ghala la shamba.

Tulipokutana katika ukumbi wa shule, akasimama Bibi Winifred Oddy, tarishi wetu mstaafu wa posta, wakati huo ana miaka themanini na mmoja.

"Desmond, unataka kumpeleka mama wa watu ghalani, akalale na matrekta?"

"Bibi Winifred," nikamjibu, "wafu hawahitaji choo. Walio hai ndio wanaokihitaji."

"Mimi niko katikati, mwanangu. Navihitaji vyote viwili."

Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Akasema, "Jina langu limeshachongwa kwenye jiwe la mume wangu pale nje, na nafasi ya mwaka imeachwa. Siku nikifa, naomba mtu ajisumbue kuijaza. Huyu hakuna aliyejisumbua. Nipeni mwaka mmoja niutafute wake."

Tulimpa. Nakiri kwamba tulimpa tukiamini atachoka.

Kila Alhamisi alipanda basi hadi mjini, kwenye chumba cha nyaraka za kale, akakaa na lenzi yake. Nilimuuliza atawezaje kusoma hati za enzi zile. "Nimesoma mwandiko mbaya wa kijiji hiki miaka thelathini," akasema. "Makarani hawa watanishinda kwa lipi?"

Mwezi wa kumi alikuja mlangoni kwangu na karatasi. Jibu halikuwa katika daftari letu la mazishi. Lilikuwa katika daftari la Skelbeck. Mwaka 1609 tauni iliingia huko, na barabara zote zikafungwa, ya kwetu ikiwa ya kwanza. Kasisi wao aliandika kwamba mjane mmoja wa Cawlby alivuka kilima na mkokoteni wa unga na shuka, akauguza wagonjwa wiki saba. Kisha yakafuata majina kumi na mawili ya waliozikwa siku moja, shimo moja, bila jiwe. La mwisho ni hili: "Ursula Hessleden, mjane, aliyekuja kwa hiari yake."

Nilikaa kwenye ngazi na bisibisi yangu mkononi. Mwanamke aliyezika mume na watoto watano, angelaumiwa na nani kama angefunga mlango wake? Nasi tukamwita mtoro.

"Sasa choo tukiweke wapi?" nikauliza.

"Chini ya mnara wa kengele," akasema Bibi Winifred. "Nimeshapima."

Wapiga kengele walinuna mwezi mzima, kisha wakatusamehe. Jumapili iliyopita tulikuwa watu arobaini na mmoja. Kama wamekuja kwa ajili ya Bi Ursula au kwa ajili ya choo sijui, na Mama Philippa ameniambia nisiulize.

Bwana Tunnicliffe amelisafisha kaburi, na miezi miwili iliyopita alianza kuchonga ule mwaka. Bibi Winifred akamshika mkono. "Mkimwandika peke yake," alisema, "mtakuwa hamjamwelewa. Kitanda cha alabasta alikuwa nacho. Akachagua kulala na wenzake." Ndiyo sababu, ndugu wageni, mbali na mwaka 1609 uliokwisha kuchongwa, miguuni pa kaburi mnaona jiwe jipya limefunikwa kitambaa. Lina majina kumi na moja ya waliozikwa naye: wakulima, mfinyanzi, mkunga, na mtoto wa siku sita.

Nawashukuru wote mliojitolea, na nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu kwa fundi bomba asiyezoea kuhutubia. Sasa nawaomba watu wa Skelbeck msogee mbele, maana baadhi ya majina haya mnayo hadi leo. Shikeni kona ile ya kitambaa. Bibi Winifred, wewe shika hii.