Mtaa Uliozima Taa

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, ndugu maofisa wa manispaa mlioacha shughuli zenu, au mlioambiwa muziache, mwenyekiti wetu wa kamati, fundi rangi, mama yetu na mwalimu wetu, Mama Zohali, baba zangu na mama zangu mlioketi mbele, majirani mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, na ninyi wateja wangu niliowaacha saluni, nywele nusu zimesukwa na nusu bado: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya kituo hiki cha kutazama nyota, ingawa wengi mnanijua kama dada wa saluni iliyoegemea ukuta wa jengo hili. Nimetakiwa nieleze tumefikaje leo, siku ambayo manispaa inatukabidhi jengo hili liwe mali ya mtaa. Mwenyekiti ameniomba nisieleze yote. Nilimwitikia, lakini sikumwahidi.

Jengo hili lilikuwa nyumba ya pampu ya maji. Pampu ilipohamishwa, wakabaki popo. Mama Zohali, wakati huo bado anafundisha jiografia, akaomba alitumie jioni za Ijumaa, akaweka chini ya tundu la paa bovu darubini aliyopewa na chuo kilichonunua mpya, akamfungulia mlango yeyote aliyetaka kuingia. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu jioni ya kwanza alituonyesha sayari ya Zohali na pete zake, na muuza mkaa mmoja akalalamika kwamba amebandikiwa picha kwenye kioo. Mama akamwambia azunguke mbele ya darubini akaitafute. Naye akazunguka.

Mnaujua utaratibu wake. Hakwambii utaona nini. Anakukalisha kwenye kigoda, anakuuliza, "Unaona nini?" na lazima ujibu kweli. Ukisema huoni kitu, hakuna wa kukucheka. Atarekebisha, atasubiri, atauliza tena. Foleni ikisonya nyuma yako, yeye hana habari.

Mwaka jana manispaa ikaamua jengo lichukuliwe, liwe ghala la matairi. Na si mapya, ndugu zangu, matairi yaliyokwisha. Sisi tulilalamika kila kona. Mama Zohali alifanya jambo moja tu: alikwenda kumwomba Mheshimiwa Meya aje atazame kabla hajatia saini. Mheshimiwa akakubali Ijumaa moja. Katikati ya wiki hiyo binti yake Mama akajifungua, ikambidi asafiri, akatuombea ufunguo manispaa, na maandalizi akatuachia sisi. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Fagieni tu. Msiongeze kitu."

Sasa, mwenyekiti wetu ni fundi rangi. Ukimwambia fundi rangi kwamba meya anakuja, unategemea ashike ufagio? Alipaka kuta zote za ndani rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung'aa. Wanakamati tukampigia makofi, kisha tukaongeza la kwetu: tukaazima taa kubwa za ukumbi wa mtaa, tukazifunga juu ya geti ili mgeni aone njia. Jengo likawaka kama duka la simu. Ni kamati gani nyingine ingeipendezesha nyumba ya kutazama nyota mpaka nyota zenyewe zisionekane?

Mama Zohali alishuka kwenye teksi magari ya Mheshimiwa yakiwa yanaingia. Akatazama taa. Akatazama kuta. Akamwambia mwenyekiti, taratibu kabisa, "Baba, umepaka vizuri sana." Nilimhurumia mwenyekiti. Angetukanwa, angepona mapema zaidi.

Zohali ilikuwa haijachomoza. Mama alikuwa amekusudia kumwonyesha mgeni kundi la nyota lililo mbali mno, hafifu, linalotaka giza la kweli. Taa za geti tulizizima mbio mbio, lakini zile kuta zilirudisha kila mwanga wa mtaa: wa ukumbi, wa maduka, na zaidi ya yote cheche za fundi wa kuchomelea, hapo ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akimalizia mageti ya watu. Maofisa wakatangulia kutazama. "Unaona nini?" "Naona, safi sana." "Naona, hongereni." Wa tatu alizisifu nyota kabla hajainama. Akaja Mheshimiwa. Akakaa kigodani, akatazama, akatazama tena, akasema, "Mama, mimi sioni kitu."

Mheshimiwa, hapa naomba nikusifu ukiwa unanisikia. Ni wakubwa wangapi, wakizungukwa na watu ambao wote wanaona, hukubali kwamba wao hawaoni? Ungeweza kusema umeona, ukapanda gari lako, ukalala salama, na sisi leo tungekuwa tunanusa matairi. Ulisema kweli kwenye kigoda kile kama tunavyosema sisi, na kweli hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Maana Mama Zohali alikujibu, "Basi kaa, Mheshimiwa. Tusubiri." Akatugeukia sisi. Akazitazama tena zile kuta.

Nilikimbilia saluni nikarudi na vile vitambaa vyeusi ninavyowafunga wateja shingoni. Majirani wakaleta mablanketi na mapazia, tukaifunika kazi ya mwenyekiti, yeye mwenyewe akitushikia ngazi. Wengine walishuka na mtaa wakibisha hodi, nyumba kwa nyumba, duka kwa duka. Kule ukumbini kwaya ilikuwa mazoezini. Wakazima taa, na wakaendelea kuimba gizani. Akabaki fundi wa kuchomelea. Nani angemwendea? Huyu ndiye aliyekuwa akisema kwamba sisi tunatazama juu kwa kukosa kazi. Tukawa tunasukumana. Ndipo akatoka kwenye foleni mama yake mzazi, ambaye yeye alidhani yuko nyumbani amepumzika, kumbe kila Ijumaa yuko na sisi. Akavuka barabara pole pole, akasimama mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, zima hilo jua lako, na mimi nione."

Akazima. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Mtaa mzima ukawa giza. Mheshimiwa akainama tena, na Mama akamuuliza, "Sasa unaona nini?" Tukasikia, "Naona kama mtu amemwaga unga kwenye nguo nyeusi. Ngoja. Kila chembe inawaka." Akauliza, "Hizi siku nyingine huwa wapi?" Mama akasema, "Huwa hapo hapo, Mheshimiwa. Sisi ndio tunaziwashia taa usoni."

Alikaa kwenye kigoda kile mpaka maofisa wake nao wakaanza kusonya. Aliposimama alisema, "Matairi yatafutiwe mahali pengine." Nimesikia hotuba nyingi maishani, na hakuna iliyonifurahisha kama hiyo. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Leo kuta hizi ni nyeusi tii, na aliyezipaka ni mwenyekiti, akinung'unika kila kopo. Paa hili jipya, linalofunguka kwa kusukumwa na mkono mmoja, limetengenezwa na fundi wa kuchomelea. Tumeshinda, ndugu zangu. Tumeshinda waziwazi, na tunayo haki ya kujidai kidogo.

Limebaki moja. Miaka yote hii Mama Zohali alikuwa akienda manispaa kila Ijumaa kuomba ufunguo, na kesho yake anaurudisha, kama mtu aliyeazima sufuria. Leo, Mheshimiwa, umemkabidhi uwe wake. Tangu ulipotuahidi, kamati ilijadili nani autunze, na nakiri tulianza kuoneana wivu, mpaka Mama mwenyewe akaamua: uchongeshwe. Kila nyumba na kila duka lililozima taa jioni ile lipewe wa kwake. Kuna aliyeuliza, na wezi je? Nikamwambia, mtaa mzima ukiwa na ufunguo, mwizi atavunja mlango wa nini?

Funguo ziko mezani, hapo mlangoni. Mheshimiwa, wa kwako pia upo, na umechongwa sawasawa na wa wengine. Ijumaa ukija, fungua mwenyewe, ingia, upange foleni.

Nawashukuru sana kwa masikio yenu. Sasa zimeni simu, jamani. Paa linafunguliwa.